Wauguzi Wangapi? Uhakiki wa Istilahi za Idadi na Mchanganuo wa Wauguzi

Sentensi isemayo “Kituo hiki kina wauguzi wanne” haionekani kuwa na ugumu wowote. Ina kiima, ina kiarifa, na hesabu iliyomo mtoto wa darasa la kwanza aijua. Hata hivyo, katika kazi yetu ya kusoma taarifa, fomu na tafsiri zinazoletwa mezani petu, tumegundua kwamba sentensi kama hiyo ina maana nne au tano mbalimbali, na kila maana inatoa idadi yake. Mfasiri huandika neno moja, karani akalisoma kwa maana nyingine, na mwisho wa safari kijiji hukosa mtumishi ambaye kwenye karatasi yupo. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuzihakiki istilahi zitumikazo kuhesabu wauguzi, yaani wale wanaohesabiwa, namna wanavyogawanywa, na kile kinachoitwa upungufu wao.

Tumechagua kuanzia Kwala, kata iliyo katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, jirani na Wilaya ya Kisarawe. Mahali pale panabadilika upesi. Reli ya kisasa inapita hapo, na mnamo Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu pamoja na eneo la viwanda. (Tuliwahi kumsikia mtu akilicheka neno “bandari kavu”, akisema ni sawa na kisima kisicho na maji. Lakini wenyeji, madereva na makarani wanalitumia bila kusita, na neno lililokwisha kupata wenyewe halihitaji utetezi wetu.) Penye makasha, malori na viwanda watu huongezeka, na penye watu wengi swali la wauguzi wangapi wapo na wangapi wanatakiwa haliwezi kuahirishwa.

Tulipopita maeneo hayo tulimkuta bibi mmoja ameketi kando ya kitanda cha mjukuu wake katika kituo kimoja cha tiba. Tulimwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu.” Tukamwuliza kama naye anaumwa. Akajibu, “Hapana, mimi nauguza tu. Nesi yule pale anakuja.” Katika jibu lile fupi bibi alitufunza jambo ambalo vitabu vyetu vya istilahi vimelipita kimya kimya. Kwake yeye, anayeuguza ni ndugu wa mgonjwa, na yule aliyeajiriwa ana jina jingine.

Tuuangalie mzizi wenyewe. Kitenzi “ugua” maana yake ni kuwa mgonjwa, na “uguza” ni kumtunza mgonjwa, yaani kumlisha, kumgeuza, kumpa dawa na kukesha naye. Mtu husema “nauguliwa” akiwa na mgonjwa nyumbani, hata kama yeye mwenyewe ni mzima kama chuma. Ni kauli moja ya kutendewa ambayo wageni wanaojifunza Kiswahili huitafakari kwa muda mrefu, kwa sababu ugonjwa wa mmoja unasemwa hapo kuwa ni tukio linalompata mwingine. Kutokana na kitenzi hicho tumepata “muuguzi”, ambalo wengine waliliandika “mwuguzi”, na “uuguzi” kwa kazi yenyewe. Wataalamu walipolichukua neno hili na kulipa maana ya mtu aliyesomea kazi, aliyefaulu mtihani na kupewa leseni, walifanya vizuri kabisa. Neno ni la Kibantu, halibagui mwanamume wala mwanamke, na kila msemaji anauelewa mzizi wake. Ila walilichukua likiwa na mwenyewe. Mpaka leo, umwulizapo mtu wa kawaida “nani anamuuguza?” hatakutajia mtumishi wa serikali. Atamtaja mama, dada au shangazi.

Kwa hiyo tunapendekeza, na hili si jambo la kusubiri kamati, kwamba wafasiri watumie “uuguzi” kwa taaluma tu, na “uuguzaji” kwa kitendo cha kumtunza mgonjwa, awe anayekifanya ni mtaalamu au jamaa. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, lakini inaokoa sentensi nyingi. Taarifa isemayo kwamba mzigo wa uuguzi umewaelemea wanawake ina maana moja ikihusu watumishi, na ina maana nyingine kabisa ikihusu wale wanaokaa kando ya vitanda bila mshahara. Hao wa pili hakuna orodha inayowahesabu.

Kuhusu “nesi” hatutasema mengi. Neno lilitoka Uingereza, likaingia kwa mdomo, na halitoki. Walimu wengine hulifuta kwa wino mwekundu katika insha za wanafunzi. Sisi twaona wino huo ungetumika vizuri zaidi mahali pengine. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba “nesi” na “sista” yamebeba sura ya mwanamke, na sura hiyo haikuwa ya kwetu tangu mwanzo. Wakati wa utawala wa Waingereza, Waafrika wengi waliofanya kazi za kufunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati walikuwa wanaume, nao waliitwa madresa. Duniani leo wanawake ni kama asilimia 85 ya wauguzi wote, kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025. Wajerumani, ambao kwa miaka mingi walimwita muuguzi kwa neno lenye maana ya “dada wa wagonjwa”, waliliacha jina hilo katika sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2004. Kiswahili hakikuhitaji sheria. “Muuguzi” lilikuwa tayari.

Sasa tufike kwenye kiini cha malalamiko yetu. Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, mwenye shahada ya uuguzi huajiriwa kwa cheo cha Afisa Muuguzi. Mwenye stashahada huwa Afisa Muuguzi Msaidizi. Na mwenye astashahada huitwa Muuguzi, bila nyongeza yoyote. Hivyo neno moja limefanywa kuwa jina la jamii nzima na wakati huohuo kuwa jina la ngazi ya chini ya jamii hiyo. Hebu msomaji ajaribu kujaza fomu iliyoandikwa “Idadi ya wauguzi”. Tuseme kituo kina Afisa Muuguzi mmoja, Maafisa Wauguzi Wasaidizi wawili na Muuguzi mmoja. Je, ataandika nne au moja? Anayelichukua neno kwa maana ya taaluma ataandika nne, na anayelichukua kwa maana ya cheo ataandika moja. Wote wawili wana haki, na wala hakuna aliyedanganya. Fomu hizo zikifika wilayani hujumlishwa, kisha mkoani, kisha wizarani, na jumla itakayopatikana haitakuwa na maana yoyote, kwa kuwa nambari zilizojumlishwa si za kitu kimoja.

Tunajua kwamba lugha nyingi hulipa neno la jumla kazi ya pili. Kwetu “samaki” ni jina la jamii nzima, na hakuna mvuvi anayepotea kwa sababu hiyo. Lakini katika istilahi za hesabu jambo hili ni hatari. Ama cheo cha chini kiongezewe sifa, ama neno la jumla lipewe umbo lisilogongana nacho. Sisi twapendelea njia ya pili, yaani kusema “wanataaluma ya uuguzi” au “kada za uuguzi” pale ambapo ngazi zote zinakusudiwa, na kuacha vyeo vilivyo katika miundo ya utumishi vibaki kama vilivyo. Kubadili cheo ni kazi ya mamlaka nyingine na huchukua miaka, hali kuibadili fomu ni kazi ya wiki moja.

Ugumu huu unazidi tunapofasiri sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kuzifasiri sheria za zamani imekuwa kubwa, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ni mfano mzuri wa mitego iliyomo. Kiingereza kinatofautisha aina mbili za wauguzi kwa maneno mawili ambayo katika Kiswahili yote yaweza kuwa “kusajiliwa” au “kuandikishwa”. Tumeona tafsiri zinazomwita mmoja “muuguzi aliyesajiliwa” na mwingine “muuguzi aliyeandikishwa”. Msomaji wa kawaida atauliza tofauti iko wapi, maana mtoto huandikishwa shule, mpiga kura huandikishwa, gari husajiliwa, na kote huko jina limeingizwa katika kitabu basi.

Ukweli ni kwamba tofauti ilizaliwa na vitabu viwili vya Waingereza. Sheria yao ya mwaka 1919 ilianzisha daftari la wauguzi. Sheria nyingine ya mwaka 1943 ikafungua orodha ya pili, kwa ajili ya wauguzi wasaidizi ambao hawakutimiza masharti ya daftari lile la kwanza. Walioingia katika kitabu cha kwanza wakawa watu wa jina moja, na walioingia katika cha pili wakawa watu wa jina jingine. Majina hayo yalivuka bahari pamoja na utawala na kuingia katika sheria zetu. Mfasiri anayetafuta visawe vya maneno hayo mawili anafasiri kivuli cha makabati ya London. Msomaji wa Kibaha hana haja na makabati. Anachotaka kujua ni nani amesoma kwa kiwango gani na anaruhusiwa kufanya nini. Twaona ingefaa kusema “muuguzi wa daftari kuu” na “muuguzi wa daftari la pili”, au kuacha vitabu kabisa na kutaja elimu, yaani muuguzi wa shahada, wa stashahada na wa astashahada. Wanasheria watatupinga kwa kusema kwamba neno la sheria lazima lifuate neno la sheria. Tutawajibu kwamba sheria inayosomwa na kutoeleweka nayo ina hasara yake.

Shirika la Kazi Duniani, katika mpango wake wa kuainisha kazi wa mwaka 2008, liliwaweka wauguzi wataalamu katika kundi la pili la kazi, wauguzi wataalamu wasaidizi katika kundi la tatu, na wale wanaosaidia kumtunza mgonjwa bila kuwa wauguzi katika kundi la tano. Wakunga nao wamepewa nafasi zao mbali na wauguzi. Takwimu za dunia hufuata mpango huo. Shirika la Afya Duniani linaposema kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, kutoka milioni 27.9 mwaka 2018, limewajumlisha watu wa kundi la pili na la tatu, na la tano limewekwa nje. Mfasiri akiandika tu “wauguzi milioni 29.8”, msomaji atafikiri hata yule mama anayefagia wodi na kubeba beseni amehesabiwa. Hakuhesabiwa.

Na yule mama anaitwa nani? Hapa pana vurugu kubwa kuliko zote. Cheo chake serikalini ni Mhudumu wa Afya. Lakini Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima katika muda wa miaka mitano. Hao kazi yao ni kutembelea kaya vijijini na mitaani, na hawana wodi. Tena magazeti, redio na hata hotuba rasmi husema “wahudumu wa afya” kwa kukusudia kila mtu afanyaye kazi ya tiba, tangu daktari bingwa hadi mlinzi wa lango. Na wazee wanaokumbuka miaka ya 1970 watakuambia kwamba kulikuwa pia na wahudumu wa afya ya mama na mtoto waliofunzwa wakati ule kwa ajili ya zahanati na kliniki. Hivyo msomaji anapokuta kwamba kata fulani ina wahudumu wa afya kumi, hawezi kujua kama kata ina neema au ina shida.

Tungependa neno “mhudumu” lirudishwe katika mipaka yake. Kwa jumla ya watu wote wa sekta hii tunalo “watumishi wa afya”, ambalo ni pana na halina utata. Kwa wale wa vijijini nyongeza ya “ngazi ya jamii” isiachwe kamwe, hata katika vichwa vya habari ambamo nafasi ni finyu. Na kwa yule wa wodini, jina “mhudumu wa wodi” lingetosha, nalo lina heshima.

Kiunganishi “na” pia kimetuletea hasara. Nchini Tanzania mafunzo ya uuguzi na ya ukunga yameunganishwa kwa kiasi kikubwa, hata mtu mmoja huwa na stadi zote mbili. Sasa ikiandikwa “wauguzi na wakunga thelathini”, je, ni watu thelathini wenye stadi mbili, au ni makundi mawili ambayo jumla yake ni thelathini? Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili. Mtu wa takwimu akija na jedwali lenye safu ya wauguzi na safu ya wakunga, atafanya mojawapo ya makosa mawili: atawaandika watu walewale mara mbili, au ataacha safu ya wakunga tupu na dunia iamini kwamba hatuna mkunga hata mmoja. Tunashauri kwamba wenye stadi zote mbili waitwe “wauguzi wakunga”, bila “na” na bila kistari, kama tusemavyo “mwalimu mlezi”. Na pale ambapo makundi ni mawili kweli, kila moja litajwe na nambari yake.

Tukigeukia ukubwa wa idadi yenyewe, twakuta kwamba neno “waliopo” linatumika bila kuulizwa wapo wapi. Muuguzi aweza kuwa kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, na asiwe na leseni hai. Aweza kuwa na leseni, na asiwe na kazi. Vijana waliohitimu na kukaa nyumbani wakisubiri ajira ni jambo linalojulikana na kila mzazi. Aweza pia kuwa na kazi, lakini awe ameazimwa kwenye ofisi ambako hagusi mgonjwa. Kwa hiyo yafaa kutofautisha “walio daftarini”, “wenye leseni” na “walio kazini”. Maneno haya si mageni na hayahitaji kutungwa. Yanahitaji kuandikwa tu.

Vivyo hivyo neno “upungufu”. Katika ofisi zetu kuna neno zuri sana, “ikama”, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kituo cha ngazi fulani. Zahanati ikiwa na watumishi pungufu ya ikama husemwa kwamba ina upungufu. Lakini ikama ya zahanati hupangwa kwa kuangalia ngazi ya kituo, na ongezeko la watu pembeni mwake haliihusu ikama hiyo mpaka ipangwe upya. Zahanati ya mahali kama Kwala yaweza kutimiza ikama yake yote, ikawa kwenye karatasi haina upungufu, huku foleni imefika barabarani. Tena, Shirika la Afya Duniani linaposema kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8, haliikusudii ikama ya mtu yeyote. Lilikadiria mahitaji kwa kulinganisha na idadi ya watu. Tumeona tafsiri moja ikiziweka takwimu za aina zote mbili katika aya moja chini ya neno lilelile, kana kwamba moja ni sehemu ya nyingine. Pengo lihesabiwalo kwa ikama liitwe “pengo la ikama”, na neno “upungufu” liachwe kwa ajili ya mahitaji ya watu.

Yamebaki maneno mawili ambayo wafasiri huyatumia wakidhani ni ya kisayansi. La kwanza ni “nguvukazi ya wauguzi”. Neno “nguvukazi” ni halali, lakini lina kumbukumbu. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mjini Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa mashambani. Kwa watu wazima wa Mkoa wa Pwani neno hilo bado lina mlio wa magari ya kusomba watu. Isitoshe, lina “nguvu” ndani yake, na kazi ya kumpima mgonjwa mapigo ya moyo na kuamua kama aitiwe daktari sasa hivi si kazi ya nguvu. “Wauguzi” peke yake linatosha mara tisa katika kumi.

La pili ni “muundo”. Mfasiri akikuta neno lenye maana ya jinsi kundi lilivyogawanyika kwa jinsia, umri, elimu na mahali, huandika “muundo wa wauguzi”. Ofisa utumishi akilisoma atafungua kabati na kutoa Muundo wa Utumishi, yaani waraka wa vyeo na sifa za kupandishwa. Amefuata neno lake kwa uaminifu, ila ameleta karatasi isiyotakiwa. Twapendekeza “mchanganuo”, neno ambalo wahasibu wamelizoea na ambalo linaonyesha wazi kwamba jumla imefunguliwa ili sehemu zake zionekane. Faida yake ni kwamba linamlazimisha mwandishi aseme mchanganuo wa nini. Taarifa ileile ya mwaka 2025 ilieleza kwamba asilimia 78 ya wauguzi wa dunia wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wote. Huo ni mchanganuo wa mahali. Tukiufanya mchanganuo kama huo kati ya mjini Kibaha, penye hospitali ya Tumbi, na vijiji vya ndani vya Kibaha na Kisarawe, ndipo idadi ya wilaya itaanza kusema kitu.

Orodha kamili ya istilahi tunazozipendekeza itapelekwa mbele ya kamati. Neno moja tumeshindwa kulimaliza, nalo ni jina la yule bibi wa Kwala. “Mwuguzaji” lapatana na sarufi, lakini katika maandishi litachanganywa na “mwuguzi”. “Mlezi wa mgonjwa” ni refu, na “msindikizaji”, litumikalo katika baadhi ya hospitali, linamfanya kama mtu aliyekuja kumfikisha mgonjwa mlangoni na kurudi. Wasomaji walio katika hospitali, zahanati na shule, hasa wa Pwani, watuandikie wakitueleza huko kwao mtu huyo anaitwaje.